Sisimizi wa Mghoi

Walikuja tena asubuhi hiyo, wembamba na weusi, kama uzi uliochomoka kwenye sindano ya Wakesho mwenyewe.

Aliwaona alipotoka bafuni, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukishikilia leso isiyomtosha tena. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Kasigau ukaufuta mlima mzima, ukaifuta na mipapai ya jirani, ukabakiza ua wa nyumba na lile bafu la mabati. Na ndani ya ukungu huo, sisimizi. Walitoka chini ya michongoma, wakapita kando ya jiwe la kufulia, wakaingia bafuni kwa mstari usiopinda, mpaka pale alipokuwa amechuchumaa kitambo kidogo nyuma. Sabuni hawakuigusa. Makombo ya uji yaliyokuwa njiani waliyapita kama hawayaoni. Walikuja kwa kile kilichotoka mwilini mwake, basi.

Alichota maji kwa kopo akawamwagia, wakasombwa. Alipofika mlango wa jikoni akageuka. Mstari ulikuwa umejiunga upya, na sasa ulikuwa ukifuata nyayo zake.

"Usihangaike kuwaosha," sauti ikasema. "Hao hawaoshwi."

Alikuwa Wakio, mavyaa yake, mjane mwembamba aliyekuwa na tabia ya kusimama mahali kabla mtu hajamsikia akifika. Mkononi alishika kibuyu.

"Ni wadudu tu, Mama."

"Nimezaliwa hapa Rukanga, mwanangu, wadudu nawajua. Wadudu hufuata chakula. Hawafuati mtu." Wakio aliinama akautazama ule mstari kama anayesoma. "Mara ya mwisho kuwaona hivi, walikuwa wakimfuata Mghoi."

Wakesho alihisi baridi ikimpanda mgongoni. Jina hilo lilikuwa likitajwa nyumbani humo kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Mghoi alikuwa dada mkubwa wa Wakio. Alipata mimba akiwa amekwisha kuitwa bibi na watoto wa wenzake, kijiji kikamcheka, naye akaja kujificha kwa mdogo wake asubiri kujifungua. Hakujifungua. Alikufa ndani ya nyumba hii hii na mtoto wake tumboni, mtoto ambaye wakunga walisema alikuwa mkubwa kupita kawaida. Kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba, ng'ambo ya shamba dogo la miwa lililoota penye mkondo wa maji ya mlimani.

"Alikufa na hasira," Wakio akasema. "Sasa anakuona wewe na tumbo lako, anakumbuka lake."

Akapiga funda moja kutoka kwenye kibuyu, akageukia upande wa kaburi, akalipuliza kinywaji nje kwa pumzi moja. Matone yalining'inia kwenye ukungu. "Mghoi, mwana wa mama, kama una neno nasi, liache. Kama mimi nina neno nawe, nimeliacha."

Huko ndiko kutasa. Milimani kote Utaita wazee walijua kwamba hasira ikikaa moyoni hugeuka sumu kwa mtu mwingine, kwa hiyo mwenye hasira huitema pamoja na maji ya miwa, kwa maneno, mbele ya watu. Wakio alikuwa muumini asiyekosa ibada ya Jumapili, lakini aliamini kuna hasira zisizongoja Jumapili. Na alikuwa ameongeza jambo lake mwenyewe: kila baada ya kutasa, kilichobaki kibuyuni sharti Wakesho akinywe mpaka tone la mwisho, lisibaki neno ndani.

Wakesho alikinywa. Ukweli ni kwamba alikinywa kwa pupa, kwa kuwa siku hizi kiu ilikuwa ikimla kama moto wa kiangazi. Anakunywa, anakojoa, anakunywa tena. Na kila alipokojoa, walikuja.

Alipoinua macho kutoka kibuyuni, aliona mtu amesimama kwenye miwa.

Alikuwa mwanamke, mrefu, amejitanda leso nyeupe. Kingo zake zilitetemeka kama picha iliyolowa maji. Wakesho alifumba macho, akafumbua. Mtu yule alikuwa angalipo, kisha akawa majani ya miwa.

"Umeona nini?" Wakio akauliza haraka.

"Sijaona kitu, Mama."

Lakini alimrudishia kibuyu bila kuyaondoa macho kwenye miwa, na mama mkwe aliona.

*

Sylus, mumewe, aliwasili mchana kutoka kazini Voi, pikipiki yake ikinguruma ndani ya ukungu muda mrefu kabla ya kuonekana. Nyuma alikuwa amefunga kitu kikubwa kwa mipira, kimefunikwa gunia.

Huyu ndiye mwanamume aliyemfanya Wakesho asahau umri wake, na hapo ndipo matatizo yote yalipoanzia. Wakesho alikuwa fundi cherehani mjini Voi, mwenye chumba kimoja nyuma ya stendi, aliyekwisha kukubali kwamba mapenzi ni ya watu wengine. Siku moja mlango wake wa chuma ukang'oka bawaba. Akaja kijana mrefu mwenye makovu ya cheche mikononi, akauchomelea, na kabla ya kuondoka akaandika kwa ncha ya chuma, chini kabisa pasipoonekana, "Mwenye mlango huu anatabasamu kwa bahati mbaya. Afanye makusudi." Wakesho alicheka siku tatu.

Wiki ya pili kijana akamuuliza umri. Akamjibu thelathini na moja. Lilimtoka mdomoni jepesi kama pamba.

"Mke wangu," Sylus akasema sasa akishuka, na jinsi alivyolitamka neno hilo ilikuwa kana kwamba amelitengeneza mwenyewe kiwandani. Akamshika uso kwa mikono yote miwili. Kisha tabasamu likamfifia. "Mbona umekonda uso? Tumbo limekua, wewe umepungua. Mama anakupa chakula au anakupa maombi?"

"Ananipa vyote. Umeniletea nini?"

"Usinibadilishie mazungumzo."

"Nimekuuliza umeniletea nini, fundi."

Akacheka, akavuta gunia. Kilikuwa kitanda cha mtoto, cha chuma, kilichopigwa msasa mpaka kikawa laini kama mfupa. Kwenye ubao wa kichwani alikuwa ameunda herufi kwa vipande vya chuma, moja moja, na Wakesho akazipapasa kwa vidole maana macho yake leo hayakuziona vizuri:

*Njoo mwana wa milima, mamayo akungojea,*
*Babayo amesimama, mlango anafungua.*

"Umeyatoa wapi?"

"Kichwani. Unadhani wenye mashairi ni walioenda shule peke yao?" Alilisema kwa kiburi, kidevu juu, lakini macho yake yalikuwa yakimtazama yeye, yakingoja. "Yanafaa?"

"Yanafaa, Sylus." Akaegemeza kichwa kifuani pake. Harufu ya chuma na moshi. Alitamani kumwambia kila kitu wakati ule ule. Alitamani pia asimwambie kamwe. Akanyamaza, kama alivyonyamaza miaka miwili yote ya ndoa yao.

Alikuwa amenyamaza hata pale kliniki, mwanzo wa mimba, ambako Wakio alimsindikiza akakaa karibu naye mpaka magoti yakagusana. Muuguzi, sista Beth, alimuuliza miaka. Wakesho aliona jicho la mama mkwe likimgeukia. Wakio ndiye aliyemwambia mwanawe kabla ya harusi, "Huyo mwanamke amekomaa, tafuta mwenzako," na Sylus akawaka moto, akaapa mbele ya wajomba kwamba Wakesho anamzidi miaka miwili tu, na atakayetaja jambo hilo tena asikanyage kwake. Wakesho angesemaje? Akasema thelathini na tatu. Beth akampima, akamwambia arudi mwezi ujao. Hakurudi. Aliogopa lile swali.

*

Jioni, kabla giza halijaingia, perere alianza kulia mlimani. Ni mnyama mdogo tu, wa kukaa mitini, lakini kilio chake ni cha mtu anayenyongwa, na ukungu ulikileta karibu kana kwamba kiko dirishani.

Walikuwa sebuleni. Wakesho alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mtoto, na mchana kutwa hakuacha kukishika, kila mara akipapasa zile herufi kwa vidole vilivyonata maji ya miwa. Sylus aliwasha taa.

Akarudi nyuma hatua moja.

Herufi zilikuwa zinatembea. Kila neno la shairi lile lilikuwa jeusi kwa sisimizi. Walikuwa wamepanda miguu ya kitanda, wakajaza "mwana," wakajaza "mamayo," wakawa wanazunguka humo ndani ya chuma bila kutoka. Mstari wao ulipita sakafuni hadi kwenye kiti cha Wakesho, ukapotelea chini ya pindo la leso yake.

Wakio aliinuka polepole. "Amefika," akasema. "Amefika kumchukua."

"Nani?" Sylus akauliza.

"Mama yako mkubwa."

"Mama, huyo alikufa kabla sijaota meno."

"Na mtoto wake hakuwahi kupata kitanda. Wewe umeleta kitanda."

Wakesho alimsikia mtoto akisukuma kwa nguvu mpya, nzito, kama mtu anayejigeuza katika chumba kidogo. Nje, perere akalia tena. "Nimemwona," akanong'ona. "Asubuhi. Kwenye miwa."

Sylus alimtazama mkewe, akamtazama mamake, na mishipa ya shingo ikamsimama. "Sikilizeni. Mghoi akimtaka mtoto wangu, aje aniombe mimi, uso kwa uso. Mke wangu amekonda, haoni vizuri, na tangu nije amemaliza mtungi wa maji peke yake. Mimi si daktari, ila chuma kikipata kutu najua si pepo. Nakwenda kumwita sista Beth."

"Usimwite," Wakesho akasema.

"Kwa nini?"

Alivuta leso kufunika tumbo.

"Nimekuuliza kwa nini, Wakesho."

"Basi tu."

"'Basi tu' si jibu la mtu anayeona maiti kwenye miwa." Akachukua tochi, akatoka.

*

Beth alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye viatu vya mpira na maneno machache. Alikaa nyumba za wafanyakazi wa kliniki, mwendo mfupi kutoka hapo. Alitazama kitanda, akatazama sisimizi, akapuliza pumzi puani. Kisha akatoa kimashine kidogo mkobani, akamchoma Wakesho kidole, akangoja. Namba ilipotokea hakuisoma kwa sauti. Akamchoma kidole kingine.

"Umekunywa nini leo?"

"Maji."

"Maji peke yake?"

Wakesho alimwangalia mama mkwe. Wakio akajibu mwenyewe, kwa heshima ya mtu asiyeona kosa lake. "Na maji ya miwa, sista. Kibuyu kizima. Kila siku, tangu wadudu waanze."

"Kibuyu kizima," Beth akarudia. Akaweka kimashine mezani taratibu. "Hii ni sukari. Kisukari cha mimba. Imejaa damuni mpaka inamwagika kwenye mkojo, na sisimizi wanaijua kuliko sisi. Kiu ni hiyo. Macho kuona kiwi ni hiyo. Mtoto naye inamfikia, anazidi kunenepa humo ndani. Akizidi sana, kuzaa kunakuwa kazi ya hatari kwa wote wawili." Akavuta kiti karibu. "Jambo moja linanisumbua. Watu ambao huwa ninawaonea wasiwasi, nawapima sukari mapema. Wewe sikuwa na sababu. Kwenu kuna mtu mwenye kisukari?"

"Hapana."

"Umewahi kuzaa mtoto mkubwa?"

"Huyu ndiye wa kwanza."

Beth akainama mbele. Alikuwa akiutazama mkono wa Wakesho, ile ngozi ya juu ya kiganja ambayo hakuna mafuta yanayoweza kuidanganya. "Mwanangu Wakesho. Una miaka mingapi?"

Taa ililia kidogo. Sylus alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani, akingoja jibu analolijua. Wakio alikuwa ameshika kibuyu.

Wakesho aliweka mkono tumboni. Mtoto alisukuma tena, na akajua kwamba kuna njia mbili tu, na katika moja ya hizo mtoto yuko peke yake.

"Arobaini na mbili," akasema.

Hakuna kilichoanguka. Hakuna aliyepiga kelele. Sylus alicheka kicheko kifupi, kikavu, kama mtu aliyegusa chuma akidhani kimepoa.

"Sema tena."

"Arobaini na mbili, Sylus."

"Miaka tisa." Alisema polepole. "Tumeishi chumba kimoja. Kitanda, meza, cherehani. Miaka tisa uliificha wapi?"

"Uliponiuliza ulikuwa umeshika nyundo, unacheka. Nikaona nikiitaja, utaacha kucheka."

"Nimesimama mbele ya wajomba zangu nikaapa. Nimegombana na mamangu huyu kwa ajili yako. Umenifanya mjinga kwa kinywa changu mwenyewe."

"Najua."

"Ungenipa nafasi nikujibu."

"Ungejibuje?"

Aliusukuma mlango kwa kiganja. Akageuka, akaingia ukunguni bila tochi.

Beth alimwacha aende. Akamgeukia Wakesho na kuzungumza kwa upole ambao hakuwa ameutumia kabla. "Sikiliza. Umri wako si dhambi wala si laana. Mimba yoyote huuwekea mwili kikwazo, sukari isitumike vizuri. Mwili lazima ujikaze zaidi. Wa msichana mara nyingi hujikaza ukashinda. Kuanzia thelathini na tano hivi nguvu hiyo inapungua, na baada ya arobaini inapungua tena. Ni kama mlima wetu huu. Wa miaka ishirini anaupanda mbio bila kiatu. Wa arobaini naye anaupanda, ila achukue fimbo na maji, na asitembee peke yake. Si kila wa arobaini hupata kisukari, na wasichana wengine hukipata. Lakini ningejua, ningekupa fimbo mapema."

"Na sasa?"

"Sasa kesho asubuhi unakwenda hospitali Voi. Watakupangia chakula, watakupima kila siku, ikibidi watakupa dawa. Wengi huzaa salama, na sukari hushuka mtoto akitoka. Lakini ni kesho. Si wiki ijayo."

Wakio hakuwa amesogea. "Mghoi alikuwa na arobaini na tatu," akasema.

Walimgeukia.

"Alikuwa na kiu. Na sisimizi. Na mtoto mkubwa hivyo." Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya msichana. "Sista, naye alikuwa na sukari?"

"Siwezi kumpima aliyelala, Mama. Ila kwa hayo unayoyasema, mimi ningeishuku sukari kabla sijamshuku mtu."

Wakio alikitazama kibuyu mkononi mwake kana kwamba kimemng'ata. "Na mimi nimekuwa nikimnywesha," akasema. "Yule. Na huyu."

*

Beth aliahidi kumwomba jirani, Stephen, awapeleke Voi kwa pikapu yake alfajiri, akaenda zake. Wakesho alianza kukunja nguo. Alikunja kama fundi, pindo kwa pindo, asilie.

"Huwezi kutoka nyumba hii na hasira ya mume mgongoni," Wakio akamwambia. "Itakufuata njia nzima."

"Nitatoka nayo, Mama. Mtoto hawezi kungoja mpaka babake apoe. Akija, sawa. Asipokuja, nitakwenda peke yangu."

Mama mkwe alimtazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza Wakesho hakuona katika jicho lile hesabu ya miaka yake.

Mlango ulifunguka. Sylus aliingia amelowa nywele na nyusi kwa ukungu, viatu vimejaa udongo mwekundu wa kule kwenye miwa.

"Nimekwenda kaburini," akasema, bila kumwangalia mtu. "Nimekaa pale nikingoja mtu atoke aniambie nina haki ya kukasirika. Hakutoka mtu." Akajipangusa uso. "Mama, mimi sijui kutasa. Baba alikufa kabla hajanifundisha. Lakini hasira ninayo."

"Basi umekwisha kujua nusu," Wakio akasema.

Akanyoosha mkono kuchukua kibuyu. Mamake akakivuta nyuma.

"Si hicho."

"Si ndicho cha kutasa?"

"Si hicho, nimesema." Wakio akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha bati, maji ya mtungi. Alikuwa amekijaza hata maji yakamwagika kidogo. "Tumia haya."

"Maji matupu? Wazee watasikia?"

"Mghoi alikuwa na kiu, mwanangu. Mpaka mwisho alikuwa akiomba maji. Maji tu. Sisi tukampa miwa, tukidhani tunampenda." Akasukuma kikombe kifuani mwa mwanawe. "Atasikia."

Wakatoka nje, watatu, wakasimama ukingoni mwa mwanga wa taa. Mbele yao miwa haikuonekana, ilisikika tu, majani yakisuguana polepole, kama mtu anayejifunika leso. Perere alikuwa amenyamaza. Sylus alipiga funda, akalipuliza gizani kwa nguvu zote za kifua chake.

"Nina hasira," akasema. "Nina hasira na mke wangu kwa kunidanganya. Na zaidi ya hiyo, nina hasira kwa sababu alinipima akaniona mdogo. Alidhani mapenzi yangu yanafika thelathini na tatu, yanakatika hapo." Akajipangusa midomo. Akapiga funda jingine, akapuliza. "Imetoka. Isimfuate yeye. Isimfuate mtoto. Aliye kwenye miwa asiitumie."

Akampa Wakesho kikombe.

"Mimi?" akauliza.

"Wewe huna?"

Alitaka kusema hana. Mke mwema husema hana. Lakini alikuwa amechoka kusema yasiyo kweli katika nyumba hii. Akapiga funda, baridi ya maji ikampa raha mpaka meno, akapuliza.

"Ninayo. Kila mara uliniambia, 'Huonekani mtu mzima,' ukadhani ni sifa. Nikawa nalala nikiogopa asubuhi. Nina hasira na nafsi yangu pia, maana nilikuwa tayari mtoto alipe deni la uongo wangu." Akasikiliza. "Imetoka."

Wakio alikuwa wa mwisho. Hakusema kwa Kiswahili. Alisema kwa Kidawida, lugha ya kwao, chini chini, maneno mengi, na Wakesho aliyasikia yote lakini hakuyarudia kwa mtu hata alipozeeka. Kisha mama mkwe akakichukua kibuyu cha maji ya miwa, akatembea peke yake gizani mpaka kaburini, wakasikia kinywaji kikimwagika juu ya udongo, muda mrefu.

*

Alfajiri ukungu ulikuwa mweupe na mzito. Pikapu ya Stephen ilinguruma langoni. Sylus alipanga mto kwenye kiti cha mbele, akamshika mkewe mkono kumpandisha, akasita.

"Una miaka mingapi?"

"Sylus."

"Niambie."

"Arobaini na mbili."

"Tena."

"Arobaini na mbili. Umepatwa na nini?"

"Naizoea," akasema. Kidevu chake kilikuwa juu, kama kawaida, lakini macho yalikuwa mekundu. "Nitaiandika kwenye mlango mpya. Juu kabisa, ionekane."

Wakesho akacheka, na kicheko kikamuuma mbavu kwa jinsi alivyokuwa amekikosa. Kisha akakumbuka, akatazama chini.

Sisimizi walikuwepo. Walikuwa wakivuka ua kutoka kwenye michongoma, wengi kuliko jana. Wakesho akaondoa mguu wake njiani, akangoja. Walipita palipokuwa na unyayo wake bila kugeuka. Wakapita kitanda cha mtoto kilichofungwa nyuma ya gari, herufi zake zikiwa safi. Wakaendelea mbele, mstari mmoja usiopinda, kuelekea kwenye miwa na kaburi lililokunywa usiku.

Gari liliondoka. Alipogeuka mara ya mwisho, macho yake hayakuwa mazuri bado, na hilo alilijua. Kwenye ukingo wa miwa kulikuwa na mtu mrefu, mwenye leso nyeupe. Alikuwa ameinama chini, kama mama anayepokea kitu kidogo alicholetewa.

Wakesho hakumwambia Sylus. Alimfumbata vidole, vyote vitano, vyenye makovu ya cheche, akaviweka juu ya tumbo lake, na mtoto akasukuma.